Alichoacha kufanya: shajara ya mradi wa kupima maisha baada ya bonge la damu mapafuni, Lamu

Kabla ya kuanza

Kwenye makaratasi ya ruhusa mradi una jina refu. Wenyewe tunauita mradi wa pumzi. Tunataka kujua mtu aliyepatwa na bonge la damu mapafuni anaishije baada ya kutoka wadini. Kwamba yu hai, kliniki inajua. Sisi tunauliza anafika wapi kwa miguu, kama amerudi kazini, anafanya nini nyumbani, na usiku anaogopa nini.

Kwa msomaji asiye mtu wa hospitali: ugonjwa huu mara nyingi huanzia mguuni. Damu inaganda kwenye mshipa mkubwa wa ndani, kipande kinachomoka, kinapita upande wa kulia wa moyo na kwenda kuziba mshipa wa pafu. Daktari Mjerumani Rudolf Virchow alieleza safari hiyo ya bonge katika karne ya 19. Operesheni, kuvunjika mguu, kulala kitandani kwa muda mrefu, saratani, ujauzito na siku za uzazi, baadhi ya vidonge vya kupanga uzazi: yote hayo yanaongeza hatari. Matibabu ni dawa za kuzuia damu isigande, ambazo huku kila mtu anaziita dawa za kuyeyusha damu, na hutumiwa kwa muda usiopungua miezi mitatu.

Mgonjwa akija kliniki anaulizwa kama anameza dawa, kama ametoka damu puani au kwenye fizi, na INR yake, yaani kipimo cha damu inachelewa kiasi gani kuganda, ni ngapi. Kwa anayetumia warfarin, mojawapo ya dawa hizo, INR inatakiwa iwe kati ya 2 na 3. Maswali hayo yanaokoa maisha na hakuna anayetaka yaondolewe. Lakini mtu anaweza kuyajibu yote vizuri, akaondoka na kadi iliyojazwa sawasawa, na pasiwe na mahali popote palipoandikwa kwamba siku hizi anaswali kitini.

Kuchagua vipimo

Tumekaa sana juu ya hili, na nafurahi kwamba hatukuharakisha.

Hojaji ya kwanza tuliyoitazama ni SF-36, yenye maswali 36 ya afya kwa jumla. Faida yake kwetu ni kwamba toleo la Kiswahili lilishatengenezwa na kujaribiwa Tanzania, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1999. Lakini SF-36 imetungwa kwa ajili ya ugonjwa wowote. Haiulizi juu ya maumivu nyuma ya bega, wala hofu ya bonge kurudi. Na asili yake ya Kimarekani inataja kusukuma mashine ya kufyonza vumbi na kucheza gofu kama mifano ya kazi za kawaida.

Ya pili ni PEmb-QoL. Hii ilitungwa Uholanzi mahsusi kwa ugonjwa huu. Ilichapishwa 2009, na mwaka uliofuata ikachapishwa kazi ya kuithibitisha. Inauliza juu ya wiki nne zilizopita na kugawa majibu katika mafungu sita: dalili hutokea mara ngapi, dalili zina ukali gani, shughuli za kila siku, kazi, maisha na watu, na hisia. Waliotunga waliwasikiliza wagonjwa, maana kuna swali moja linalouliza kama mtu anahisi bado kuna kitu mle ndani. Tulipolisoma kwa sauti mbele ya mgonjwa wetu wa kwanza alinishika mkono, akasema hilo ndilo alilokuwa akijaribu kumweleza daktari akakosa maneno.

Jambo la kiufundi ambalo kila atakayeingiza takwimu zetu lazima alijue: SF-36 ikipanda, hali ni nzuri. PEmb-QoL ikipanda, hali ni mbaya. Zote mbili zinakwenda 0 hadi 100. Tumeziwekea karatasi za rangi mbili tofauti.

Tumeamua kutumia PEmb-QoL kwa kila mgonjwa, pamoja na kipimo cha kutembea dakika sita. SF-36 tutaitumia kwa baadhi tu, ili tupate kulinganisha. Hojaji ya watu haichukuliwi hivi hivi: tumeomba idhini ya wenyewe, watu wawili wameitafsiri kila mmoja kivyake, tukakaa na matoleo yote mawili, kisha mtu ambaye hakuwahi kuona asili akarudisha Kiswahili chetu kwenye Kiingereza tuone kama maana imebaki. Ruhusa ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, zimepatikana. Majina ya wagonjwa yanakaa kwenye daftari moja linalofungiwa kabatini; kwenye hojaji kuna namba peke yake.

Majaribio, Mkomani na Langoni

Hapa ndipo mradi ulipopata mwelekeo wake, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kabla ya kuanza hasa, tumewapa wagonjwa wachache hojaji na kuwaomba watueleze wanavyofikiri wanapojibu. Wengi waligunduliwa Mombasa kwa picha ya CT, wakatibiwa, wakarudi nyumbani. Tunakwenda majumbani kwao, maana nyumbani mtu husema zaidi.

Bi mkubwa mmoja wa Mkomani (nimebadilisha vijambo vidogo asitambulike) alitukaribisha chini, kwenye chumba cha karibu na mlango. Amekaa kitandani, mto mgongoni, uso umechangamka. Nikamfikia swali la ngazi.

"Bi mkubwa, wiki nne hizi, kupanda ngazi kumekupa taabu?"

"Hakukunipa taabu mwanangu, alhamdulillah."

Nikaweka alama. Tukaendelea hivyo hivyo, taabu hana, taabu hana. Alama zake zikawa nzuri kuliko za karibu wote tuliowahoji. Mwenzangu alikuwa anafunga faili pale binti yake alipoingia na sinia ya chai, akasema mama hajapanda juu tangu arudi kutoka Mombasa. Kitanda kimeshushwa. Kila kitu anashushiwa.

Anayezijua nyumba za mawe za hapa anaelewa uzito wa maneno hayo. Nyumba inakwenda juu, na jiko la kienyeji liko darini ili moshi upate njia. Mwanamke aliyeendesha nyumba miaka yote hiyo sasa analetewa chakula asichojua kimepikwaje, wala kimepikiwa wangapi. Hajui kama mchele umekwisha. Wageni wa harusi ya mjukuu walikaa ukumbini juu, na yeye akaisikia harusi kupitia sakafu. Na hakutudanganya hata kidogo. Tulimuuliza kama ngazi zinamtaabisha. Ngazi ambazo mtu hapandi hazimtaabishi.

Tulipotoka hapo tukaanza kuliona kwa wengine pia. Nahodha aliyesema kazi haimletei shida ni kwamba chombo sasa anakiendesha mwanawe, naye anashinda barazani. Mwalimu wa madrasa hachoki akitembea, kwa sababu madrasa imehamia kwake. Mama wa Langoni hapati taabu ya pumzi kwa kukuna nazi. Anayekaa juu ya mbuzi na kukuna ni jirani. Kila mmoja alikuwa ameyapunguza maisha yake hadi yakatosha pumzi aliyo nayo, halafu hojaji ikaja ikapima maisha yale yaliyopunguzwa na kusema hayana dosari.

Naamini kwa dhati kwamba hili ndilo la kwanza ambalo kipimo chochote cha maisha lazima kilishughulikie hapa kwetu.

Ukurasa wa pili

Kulikuwa na mjadala mrefu kama tubadilishe maswali ya PEmb-QoL yenyewe. Nimesimama upande wa kutoyagusa, na ndivyo tulivyokubaliana. Ukibadilisha maswali huwezi tena kuweka alama zako kando ya za Uholanzi au Kanada, na sehemu ya thamani ya kipimo ni huko kulinganisha. Badala yake tumeongeza ukurasa wa pili wa kwetu, unaojazwa baada ya hojaji kwisha.

Una maswali matatu. Kitu gani ulikuwa ukifanya kabla ya kuugua na sasa hufanyi? Sasa anakifanya nani? Na nani aliyesema usikifanye: pumzi yako, hofu yako, daktari, au watu wa nyumbani?

Swali la tatu ndilo lenye mavuno. Tulitarajia watu wengi wangesema pumzi. Mara nyingi jibu ni jamaa. "Watoto wamenikataza." "Mume wangu amesema nipumzike." "Mama hataki niiname." Ni mapenzi tu, mtu amenusurika, nani atataka kumwona akibeba ndoo? Lakini mapumziko yasiyo na mwisho yana gharama yake. Utafiti mmoja wa Kanada uliochapishwa 2017 ulifuata wagonjwa 100 wa ugonjwa huu kwa mwaka mzima. Mwaka ulipotimia, karibu nusu yao, asilimia 46.5, walikuwa bado chini ya uwezo wa mazoezi unaotarajiwa, na hao ndio waliokuwa na maisha duni zaidi kwenye hojaji. Vipimo vyao vya mapafu na vya moyo havikuwa na kasoro ya kueleza hali hiyo. Maelezo yaliyowaelea zaidi watafiti ni kwamba mwili ulikuwa umedhoofika kwa kukosa kutumiwa.

Kwa hiyo binti anayemshushia mama yake chai kwa huruma, bila kujua, anaweza kuwa anairefusha safari ya kupona. Inabidi tuseme hivi kwa adabu sana. Tumeanza kumwita mtu mmoja wa nyumbani akae nasi mwishoni mwa mahojiano, tukieleza kwamba daktari wake akisharuhusu, kupanda ngazi tano na kukaa, kesho sita, ni sehemu ya matibabu. Kwa kweli nyuso zinabadilika. Watu walikuwa wanasubiri kuambiwa.

Kuna kipimo kingine kifupi, cha madaraja 0 hadi 4, kilichotungwa Uholanzi kwa watu waliopata mabonge ya damu, ambacho chenyewe kinauliza kama mtu anaepuka shughuli au amezipunguza. Tumekiongeza. Kinachukua dakika chache na kinashikana vizuri na ukurasa wetu.

Mahali pa kutembea

Kipimo cha dakika sita kinafuata mwongozo wa jumuiya ya Marekani ya madaktari wa kifua wa mwaka 2002. Unahitaji mita 30 zilizonyooka, tambarare, ngumu. Mgonjwa anakwenda na kurudi kwa mwendo wake; anayepima hatembei pembeni yake, na kila dakika anasema maneno yale yale kwa sauti ile ile, asimchochee wala asimkatishe tamaa.

Mita 30 zilizonyooka ndani ya mji wa Lamu! Vichochoro vinapinda, Ndia Kuu ina watu na punda na mikokoteni. Kwenye gati kuna nafasi, tukajaribu asubuhi mapema, ikashindikana kwa sababu ambayo mwongozo haukuifikiria: salamu. Mzee anatembea, anakutana na mwenzake. "Umepoa sasa? Watu wa nyumbani?" Hawezi kupita bila kujibu, wala hatukutaka apite bila kujibu. Anasimama, anapeana mkono, saa inakwenda. Na akijibu huku akitembea, pumzi ya kutembea imegawanywa na pumzi ya kusema.

Sasa tunatumia ua wa madrasa baada ya watoto kutoka, kwa hisani ya mwalimu. Tumepima kwa utepe, tumeweka koni mbili na viti kila upande, kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, na maji ya kunywa. Anayetoka juu, mitaa ya mlimani, anapumzika kwanza kabla hatujaanza, kwa sababu amekwishatembea kutufikia.

Maswali ya umbali nayo tumeyatengenezea kadi ya kusaidia. Watu hawatembei kwa mita. Kila mtaa una kadi yake yenye alama tulizozipima wenyewe: msikiti fulani, duka fulani, kisima. Kwa safari ndefu tunatumia Shela, ambayo ni kama kilomita 3 kutoka mjini. Kila mtu anajua ile njia ya pwani inamdai nini.

Faragha

Fungu la hisia linauliza mambo mazito: kuogopa bonge lisirudi, kuogopa kukaa peke yako, kuogopa kujichosha, kujiona mzigo kwa jamaa, kuhisi huwezi kusafiri. Wanaume waliolijibu mbele ya wake zao walilipita mbio. Tukabadili utaratibu: mwenzangu wa kiume anakaa na wanaume, mimi na wanawake, na fungu hilo linasomwa tukiwa wawili tu.

Hofu ya safari imejitokeza kuliko nilivyodhani. Rufaa ni Mombasa, zaidi ya kilomita 300 kwa basi, na baadhi wameambiwa na watu kwamba basi ndilo litakalowaua. Ukweli upo, na ni mdogo kuliko hofu. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba safari ya saa nne au zaidi ya kukaa bila kusogea huongeza hatari ya damu kuganda takriban mara mbili, lakini kwa mtu mzima wa afya hiyo bado ni kama mmoja kati ya 6,000. Aliyekwisha kuugua ana hatari zaidi ya huyo, na kwa hiyo tunamwambia asiache dawa, anyooshe miguu basi likisimama, anywe maji. Kumwambia asiende ni kumkosesha kliniki.

Mama wa arobaini

Miongoni mwa wagonjwa wetu wamo kina mama waliopatwa na ugonjwa huu baada ya kujifungua. Hatari ya damu kuganda iko juu sana katika wiki sita za kwanza za uzazi, ambazo ni takriban zile zile arobaini ambazo mzazi kwetu anatunzwa ndani. Matunzo hayo ni mema na siyagusi. Nimeandika tu kwenye mpango wetu tuzungumze na wakunga na kina nyanya: mzazi atembee ndani ya nyumba kila siku, na mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, isisubiriwe arobaini iishe.

Na kwa hojaji, mama mchanga anachoka kwa mambo mengine pia. Mtoto anaamka usiku. Tunaandika kando umri wa mtoto, kwani alama zake haziwezi kusomwa peke yake.

Ramadhani inakaribia

Tumesimamisha mahojiano mapya hadi Idd ipite. Hojaji inauliza wiki nne zilizopita. Wiki nne za Ramadhani ni maisha ya aina nyingine, usingizi mwingine, kazi nyingine, tarawehe kila usiku. Alama za mwezi huo zikilinganishwa na za Rajabu zitatuonyesha mwezi, si ugonjwa.

Kazi ya sasa ni dawa. Wengi wanataka kufunga, na baadhi huacha vidonge kimya kimya. Tunawaomba waende kwa daktari kabla ya mwezi kuandama, wapangiwe saa. Wanaotumia rivaroxaban, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, ya miligramu 20 mara moja kwa siku wanatakiwa waimeze pamoja na chakula, kwa hiyo futari inawafaa. Wa warfarin tunawakumbusha kwamba mboga za majani hazikatazwi. Kinachovuruga INR ni kula mchicha mwingi wiki hii na kuuacha kabisa wiki ijayo.

Tulipofika

Matokeo siyatoi hapa, bado ni machache na hayajakaguliwa. Utaratibu ndio umekamilika: hojaji kwenye mwezi wa tatu, kisha wa sita, kisha mwaka, ukurasa wa pili kila mara, kutembea kila mara kwa anayeweza.

Kuna mstari mmoja tumeukoleza kwa wino mwekundu kwenye mwongozo wa wahojaji. Mtu aliyemaliza miezi mitatu ya dawa na bado pumzi inamkatika, au ameacha mambo mengi kwa sababu ya pumzi, hapelekwi nyumbani na pole. Anaandikiwa kwenda kupimwa moyo kwa eko, yaani picha ya mawimbi ya sauti. Kwa wachache, mabonge ya zamani hubaki kama makovu, presha ya mishipa ya mapafu ikapanda na moyo wa kulia ukachoka. Katika utafiti wa Ujerumani wa wagonjwa zaidi ya 1,000, walikuwa asilimia 2.3 ndani ya miaka miwili. Ni wachache, lakini wana matibabu yao, ikiwemo operesheni ya kuyaondoa makovu hayo, na hawawezi kupatikana kama kila anayesema alhamdulillah anaandikwa mzima.

Idd ikipita tutaanza na wa Faza na Kizingitini, kisiwani Pate, bahari ingali tulivu. Wao nyumba zao nyingi ni za chini, hazina dari. Inabidi tuwasikilize upya wameacha nini.